Daktari Hugh Trowell na ugonjwa usiopiga hodi

Leo nataka tutazame maisha ya daktari mmoja aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, kisha akawa mchungaji. Madaktari wa Afrika Mashariki wanalijua sana jina lake. Sisi wa makanisani tunalijua kidogo, na nadhani tumepungukiwa kwa hilo.

Kwanza niwaambie kwa nini nimemchagua. Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa kanisa letu alisimama siku ya Jumapili kutoa ushuhuda. Muuguzi alikuwa amemkuta na shinikizo la damu lililopanda, lile ambalo sisi tunaliita tansio na jirani zetu wa Tanzania na Kenya wanaliita presha. Akapewa vidonge. Tuliomba pamoja naye kwa majuma kadhaa, kichwa kikaacha kumuuma, akajisikia mzima, naye akaacha vidonge. Kanisa zima lilipiga vigelegele. Mimi mchungaji wake nilishukuru pamoja naye mbele ya watu wote. Sikumwuliza swali moja dogo: ni nani amekupima tena?

Haikupita miezi minne, akaanguka shambani wakati wa kuvuna mahindi. Upande wa kuume ulipooza, na maneno yakampotea kinywani. Kabla jua halijatua, watu walikuwa wamekwisha kumtaja mjane mmoja, jirani yake, kwamba ndiye aliyemroga. Ilibidi tumfiche mama huyo nyumbani kwa shemasi kwa siku kadhaa. Hivyo tansio moja isiyopimwa iliumiza watu wawili: mmoja kwa kiharusi, mwingine kwa uongo. Na mimi nilikuwa na sehemu yangu katika yote mawili. Tangu siku ile nilianza kusoma habari za ugonjwa huu, na katika kusoma nikakutana na Trowell.

Kijana afika Kenya

Hugh Carey Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904. Alisomea udaktari katika hospitali ya St Thomas, London. Mwaka 1929, akiwa na miaka kama 25, alisafiri hadi Kenya kuitumikia idara ya afya ya serikali ya kikoloni. Alikuja pamoja na mkewe, Margaret, aliyekuwa amesomea uchoraji. Margaret naye aliacha alama kubwa: ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hata leo ina jina lake. Walipokuwa Machakos, katika nchi ya Wakamba, alijifunza kwa wanawake wanaofinyanga vyungu na kusuka vikapu.

Mumewe alikuwa katika shule ya namna nyingine. Wodi zilijaa malaria, minyoo, kifua kikuu, vidonda na nimonia. Lakini magonjwa mengine aliyoyasomea London hakuyaona. Watu wenye unene wa kupita kiasi walikuwa wachache mno. Kisukari kilikuwa nadra. Na tansio ya juu, ambayo Ulaya ilikuwa ikiwaangusha watu wazima kwa wingi, huku ilikuwa kama haipo.

Hakuwa peke yake katika kuona hivyo. Mwaka huohuo wa 1929 daktari mwingine, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kisii, magharibi mwa Kenya, alichapisha matokeo ya kuwapima watu 1,000. Hadi kufikia miaka 40 tansio yao ilifanana na ya Wazungu. Baada ya hapo njia ziliachana. Kwa Wazungu iliendelea kupanda kadiri umri ulivyoongezeka. Kwa watu wa Kisii haikupanda, na kwa wazee hata ilishuka. Katika miaka miwili, kati ya wagonjwa kama 1,800 waliolazwa katika hospitali yake, Donnison hakukuta hata mmoja mwenye ugonjwa huo.

Wapendwa, tulitafakari jambo hilo. Babu zetu walizeeka bila tansio kupanda. Leo kijana wa miaka 35 anaanguka sokoni, nasi tunasema ni mambo ya kijiji, au ni uzee. Wala uzee peke yake hausababishi. Kuna kitu kilichobadilika.

Daktari aliyekubali kusahihishwa

Mwaka 1935 Trowell alihamia Uganda, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, na huko akawafundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Kazi iliyompa jina kubwa kule ni ya watoto. Alikuwa akiwaona watoto waliovimba miguu na uso, nywele zimegeuka rangi, ngozi inabambuka, macho hayana furaha. Ninyi wa Kivu mnaujua ugonjwa huo kwa jina la bwaki. Ulimwenguni unaitwa kwashiorkor, jina lililoletwa katika vitabu na daktari Cicely Williams kutoka Ghana katika miaka ya 1930.

Mwanzoni Trowell alikosea. Aliandika kwamba ni pelagra ya watoto, yaani ugonjwa wa kukosa vitamini fulani. Lakini aliendelea kupima na kulinganisha, na wodi ikamwonyesha kwamba hakuwa sahihi. Hakuona haya. Aliacha jina alilokuwa amelitetea, akageukia kwenye upungufu wa chakula chenye kujenga mwili, na mwaka 1954 yeye na wenzake Davies na Dean wakatoa kitabu kikubwa juu ya kwashiorkor. Madaktari wa nchi nyingi walikitumia.

Nimetaja habari hiyo kwa sababu inaonyesha tabia ya mtu huyu. Kwake kupima kulikuwa njia ya kukubali ukweli hata unapokuja kinyume cha maneno yako mwenyewe. Sisi tunaosimama madhabahuni tunahitaji tabia hiyo kuliko wengine. Ni vigumu sana kwa mchungaji kusema mbele ya watu: nilikosea, na ushuhuda ule tulioupigia vigelegele haukuwa umethibitishwa.

Ugonjwa unaingia kimya

Kadiri miaka ilivyokwenda, Trowell aliona Mulago jambo ambalo hakuliona Kenya alipofika. Wagonjwa wa tansio walianza kuingia, mmoja mmoja, kisha wengi. Mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh waliandika habari za Mwafrika mmoja aliyepata ugonjwa wa moyo wa kuziba mishipa, jambo lililokuwa geni kiasi cha kuchapishwa katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki. Mwaka 1960 alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika, wakati ambapo wengi walidhani Afrika ina malaria na minyoo tu.

Wazungu wengine walikuwa wamesema kwamba mwili wa Mwafrika una asili tofauti, ndiyo maana haupati tansio. Hesabu zilikanusha. Damu ilikuwa ileile na ukoo uleule; kilichobadilika ni maisha. Watu waliacha kutembea na kulima, wakaongezeka uzito, wakala chakula cha dukani, na zaidi ya yote wakaongeza chumvi. Trowell aliishikilia hoja ya chumvi hadi uzeeni. Mwaka 1990, mwaka mmoja baada ya kifo chake, watafiti waliowafuata Wajaluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi walichapisha matokeo yao: tansio ya wahamiaji ilipanda ndani ya miezi michache tu ya kufika mjini, pamoja na uzito, na chumvi katika mkojo wao iliongezeka.

Basi tuangalie sahani zetu. Bukari haina kosa, sombe haina kosa. Lakini tunatia chumvi katika sombe, tunaongeza kibu mbili au tatu za supu, ambazo nazo ni chumvi, kisha tunaweka samaki wa chumvi juu yake, na mezani bado chumvi ipo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, hesabu ya vyakula vyote pamoja.

Kulikuwa na huzuni moja katika kazi ya madaktari wa wakati ule. Waliweza kupima, lakini hawakuwa na dawa ya kutosha. Hata Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, mwenye daktari wa moyo karibu naye aliyempima kila siku tangu mwaka 1944, hakupata msaada wa kweli. Aliendelea na kazi yake ya vita na kufa kwa kiharusi tarehe 12 Aprili 1945. Vidonge rahisi vya kuteremsha tansio vilianza kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo vidonge vya aina hiyo vinapatikana hata katika farmasi za miji yetu. Kile ambacho rais wa nchi kubwa hakukipata, mzee wa Kaniama anaweza kukipata. Ole wetu tukimfundisha kukitupa.

Kutoka hospitali hadi madhabahuni

Baada ya miaka karibu 30, Trowell alirudi Uingereza. Wengi walitazamia apumzike. Yeye alibarikiwa kuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana, akalichunga kanisa la kijiji cha Stratford-sub-Castle, karibu na mji wa Salisbury. Hakuona kwamba ameacha kazi moja na kushika nyingine iliyo adui yake. Aliyekuwa akiuhudumia mwili sasa aliihudumia na roho, naye mgonjwa alibaki mtu mmoja.

Mwaka 1970 aliitembelea tena Afrika Mashariki. Alishangaa. Mijini aliona watu wengi wanene, na hospitali zilikuwa na kliniki kubwa za kisukari, magonjwa aliyokuwa akiyatafuta bila kuyapata alipokuwa kijana. Aliporudi, akiwa na zaidi ya miaka 65, alishika kalamu tena pamoja na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyemfahamu Uganda na ambaye naye alikuwa Mkristo wa dhati. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa yanayofuatana navyo, na mwaka 1981 kingine juu ya magonjwa yaliyozaliwa na maisha ya kisasa na jinsi ya kuyazuia. Trowell alifariki mwaka 1989. Margaret alikuwa ametangulia miaka michache kabla yake.

Wachungaji wenzangu, hata mtu wa kwanza anayejulikana kupima shinikizo la damu alikuwa mchungaji. Stephen Hales alilichunga kanisa la Teddington, karibu na London, na mwaka 1733 alichapisha habari za jinsi alivyoingiza bomba katika mshipa wa farasi na kuona damu ikipanda katika mrija wa kioo hadi zaidi ya mita mbili. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kupima ni kukosa imani, mwambie kazi hii ilianzia nyumbani mwa mchungaji.

Tufanye nini nyumbani mwetu?

Tansio haipigi hodi. Mtu anaweza kulima, kuimba kwaya na kucheka, na huku mishipa yake inaumia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tansio ya juu hawajui kwamba wanayo. Kwa hiyo neno la kusema najisikia vizuri si kipimo. Mzee wetu alijisikia vizuri.

Baada ya msiba ule, akina mama wa kanisa letu walichanga fedha tukanunua mashine moja ya kupimia, ile inayofungwa juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Inakaa kwa shemasi mmoja aliye muuguzi, na wenye tansio huichukua kwa zamu, kila mmoja kwa juma lake. Yeye ametufundisha hivi.

Usipime ukitoka mbio, ukitoka kunywa kahawa au kuvuta tumbaku. Ngoja nusu saa. Nenda haja kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini, usikunje moja juu ya nyingine. Tulia dakika 5 bila kuzungumza. Weka mkono mezani, usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kifungwe juu ya ngozi, si juu ya shati. Kiwe cha saizi ya mkono wako. Kikikubana sana, namba zitadanganya. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Fanya hivyo asubuhi kabla ya vidonge na chakula, na jioni, kwa siku 7. Andika kila namba katika daftari, hata ile usiyoipenda.

Wauguzi wetu waliosoma kwa Kifaransa husema 12 kwa 8. Mashine huonyesha 120 na 80. Ni kitu kimoja, msichanganyikiwe. Ukiacha siku ya kwanza na kutafuta wastani wa siku zinazobaki, ukikuta 135 kwa 85 au zaidi, peleka daftari kwa muuguzi au daktari. Namba moja iliyopanda siku ya hasira si hukumu. Lakini ukiona 180 kwa 120 au zaidi, tulia kidogo na upime tena. Ikibaki hivyo, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kama kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, macho kufifia, mdomo kupinda au mkono kukosa nguvu, msingoje kupima mara ya pili: mpelekeni mgonjwa upesi. Mama mjamzito anayeumwa kichwa sana au kuvimba uso na mikono naye apelekwe upesi, bila kungoja juma la daftari.

Na vidonge? Usiviache kwa sababu namba zimekuwa nzuri. Mara nyingi zimekuwa nzuri kwa sababu unavimeza. Anayeweza kuvipunguza ni yule aliyekuandikia, akiwa ameliona daftari lako. Tena namba za mtu ni siri yake, si habari za kutangaza kwaya inapongoja kuimba.

Wengine wataniuliza: Mchungaji, umeacha kuamini uponyaji? Hapana. Naomba kwa ajili ya wagonjwa kila juma, na Mungu anaponya. Lakini wale wenye ukoma ambao Bwana aliwatakasa, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Hakuogopa kazi yake ikaguliwe. Kama Mungu amekuponya tansio, mashine itasema hivyo, na ushuhuda wako utakuwa na nguvu zaidi. Kama mashine inasema bado, basi bado anakuponya kwa mkono wa muuguzi, na vidonge hivyo ni sehemu ya jibu la maombi yetu.

Mzee wetu yu hai. Anatembea kwa fimbo, maneno yamerudi kwa sehemu, na daftari lake limejaa hadi ukurasa wa mwisho. Yule mjane bado anaishi jirani naye. Nilimwomba msamaha mbele ya kanisa, kwa kuwa nilikuwa nimekaa kimya siku ya kwanza jina lake lilipotajwa. Naye mzee, kwa maneno yake machache yaliyobaki, alieleza kusanyiko kwamba hakurogwa, aliacha dawa.

Siku hizi mtu akisimama kutoa ushuhuda wa kupona tansio, namsikiliza hadi mwisho, nafurahi pamoja naye, kisha namwuliza swali lile ambalo sikuliuliza. Nawasihi, wachungaji wenzangu wa Goma, Bukavu, Uvira, Bunia na Kalemie, nanyi waulizeni watu wenu.

Bwana awalinde, mwili na roho.